Mwendo wa Jeneza

Mtu pekee niliyewahi kumwona akisimamisha lori kwa mkono mtupu ni Mwenyekiti wetu wa kitongoji. Nakosea, haukuwa mtupu. Ulikuwa na tawi la mwarobaini. Alitoka nalo nyumba ya msiba, koti lake la kijivu limepauka mabegani, akitembea mbele ya jeneza mpaka ukingo wa lami. Hapo hakungoja. Hakuangalia kulia wala kushoto kama tunavyowafundisha watoto. Aliingia barabarani, akasimama kwenye mstari wa katikati, akanyanyua tawi, na magari yakasimama. Tipa za mchanga, mabasi ya Geita na Bukoba, malori ya samaki yenye barafu inayodondoka maji, hiace zenye makonda wasiomheshimu hata aliyewazaa, yote yalisimama. Madereva walivua kofia. Wengine walizima muziki. Jeneza lilivuka kwa mwendo wake, wabebaji wakibadilishana mabega katikati ya barabara kana kwamba wako uani kwao, na hakuna aliyethubutu kupiga honi.

Nimeishi hapa tangu niolewe. Sijaiona barabara hii ikisimama hivyo kwa ajili ya mtu anayepumua.

Kitongoji chetu kimejipanga kandokando ya lami inayotoka Usagara kwenda ziwani, kule ambako zamani kulikuwa na kivuko na sasa kuna daraja. Nyumba zetu ziko upande mmoja. Upande wa pili kuna shule ya msingi, kuna zahanati, na nyuma ya zahanati kuna makaburi. Kwa hiyo mtoto anayekwenda kusoma, mgonjwa anayekwenda kuchomwa sindano na maiti anayekwenda kuzikwa, wote wana njia moja. Kati ya hao watatu, anayevushwa kwa heshima ni mmoja tu, na ndiye ambaye gari haliwezi tena kumfanya kitu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye baraza inayotazama barabara. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Mwenyekiti aliitwa Mwenyekiti na kila mtu. Mkewe alimwita Mwenyekiti. Padri alimwita Mwenyekiti hata alipompa komunyo, au ndivyo watu walivyopenda kutania. Alikaa kwenye kiti hicho muda mrefu kiasi kwamba watoto wetu walidhani ni jina la ubatizo. Na sitamnyima haki yake: kwa kuzika, mtu yule hakuwa na mpinzani kuanzia hapa mpaka Misungwi mjini. Msiba ukitokea, kabla kilio hakijafika nyumba ya tatu, yeye ameshafika. Anajua turubai liko kwa nani, sufuria kubwa ziko kwa nani, na ni nani akipewa kazi ya kupasua kuni atapotelea kwenye pombe. Alijua nani hasalimiani na nani, akawapanga mbali. Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni ambaye hata kabila lake hatukulijua, alipofia barabarani na ndugu zake wakachelewa, Mwenyekiti ndiye aliyemwosha kwa mikono yake na kumfunga taya kwa leso yake mwenyewe. Baba mkwe wangu alipofariki, Mwenyekiti alilala kwetu kwenye jamvi mpaka matanga yakaanuliwa. Alikunywa uji wangu uliounguzwa na moshi, akasema ni mtamu.

Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu mbaya ningemaliza habari yake kwa sentensi moja.

Alikuwa na msemo wake. Ukimwendea kumwambia habari ya magari, kwamba yanakimbia, kwamba tunataka tuta, tunataka kibao, anakusikiliza mpaka mwisho akitingisha kichwa kama mtu anayekubali, halafu anasema, "Barabara ni ya serikali. Wafu ni wetu." Watu walicheka, wakaona ni hekima. Waliirudia kwenye pombe, waliirudia kisimani. Mimi kila nilipoisikia nilihisi kama mtu ananikwaruza kwa msumari. Maana ukiitazama vizuri, sentensi ile inasema hivi: sisi kazi yetu ni kusubiri. Serikali ilete barabara, barabara ilete maiti, sisi tulete sufuria.

Msemo wake wa pili ulikuwa wa kila mtu, lakini kinywani mwake ulikaa kama amri: "Ajali haina kinga."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa taratibu kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa na baiskeli nyeusi, akiendesha kwa mwendo wa bibi harusi, na akikutana na mbuzi alishuka akawapisha. Chai alikunywa mpaka ipoe. Lakini mweke kwenye gari la mtu mwingine umwone. Alipenda mwendo kama mtoto anavyopenda sukari. Kuna dereva alimpeleka Magu kwenye harusi ya mpwa wake. Hadithi hiyo tumeisikia mpaka tumeichoka: jinsi walivyotoka hapa jua limeshapanda, jinsi miti ilivyokuwa inarudi nyuma, jinsi walivyofika Magu bibi harusi bado anasukwa. "Yule kijana ana mguu," alisema, akigonga gonga ardhi kwa kiatu kama anakanyaga mafuta. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye misiba ya watu waliouawa na vijana wenye mguu. Sikuwahi kumwona akiunganisha mambo hayo mawili. Kwake mwendo ulikuwa starehe, na kifo kilikuwa mapenzi ya Mungu, na havikujuana.

Sasa niseme habari ya kibao.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, bado naitwa bibi harusi. Watu wa barabara walikuja na pikapu na vizibao vyao vinavyong'aa, wamebeba vibao vya hamsini. Mnavijua: duara, rangi nyekundu pembeni, hamsini katikati, maana yake hapa wanaishi watu, punguza mwendo. Walitaka waonyeshwe makazi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Mwenyekiti akaita mkutano mbele ya ofisi yake.

Waliosema sana ni wanaouza vitu kwa abiria: mahindi ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, maembe. Walisema kibao cha hamsini kikiwekwa hapa, kesho yake trafiki watakuja na tochi yao ya kupimia mwendo, watajificha kwenye mikaratusi, na dereva akishapigwa tochi mahali hasimami tena pale kununua kitu. Atapachukia. Tutauza kwa nani? Mwenyekiti alitingisha kichwa. Mimi nikanyoosha mkono. Nilisema, kwa hiyo mtoto avuke vipi kwenda shule? Alinitazama kwa upole kabisa, akauliza huyu ni mke wa nani. Wakamwambia. Akasema, "Mayu, wewe bado hujajua hata moshi wa majiko ya huku unaelekea wapi. Kaa kwanza uzoee." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, ni neno la heshima. Sijawahi kuona neno la heshima likitumika vile kumkalisha mtu chini. Watu walicheka, nikakaa.

Wakapiga kura kwa mikono, ya kukikataa kibao. Jirani yangu Mama Shija, ambaye wakati ule alikuwa akiuza mahindi, alinyoosha wake.

Halafu Mwenyekiti akawaongoza wale watu wa barabara kwa miguu, mikono nyuma, akapita nyumba ya mwisho, akavuka kalavati, akaenda mpaka karibu na kitongoji cha wenzetu, akawaambia, makazi yanaanzia huko. Wakamwuliza, na hizi nyumba hapa nyuma? Akasema haya ni mashamba tu. Wakaandika. Wakachimba.

Matokeo yake sikiliza. Gari likitoka Usagara linatupita sisi kwa mwendo wote lililo nao, halafu mbele kule linakutana na hamsini, linapunguza kwa ajili ya wenzetu. Na gari likitoka upande wa ziwa, linapita kwa wenzetu polepole, linafika kwenye kibao cha mwisho wa hamsini, kile chenye mistari iliyoikata namba, na dereva anajua sasa ameachiwa. Anakanyaga. Anakanyaga huku anakuja kwetu. Kibao hicho nakiona kutoka kwenye cherehani yangu. Kila siku nasikia injini zikibadilisha sauti pale. Hatukukosa kibao tu. Tuliwekewa mahali pa kuanzia mbio.

Wakati wa kivuko tulijidanganya kidogo. Magari yalikuja kwa mafungu, kama kivuko kilivyoyashusha. Yanapita kwa fujo, halafu kimya, na kwenye kile kimya watoto wanavuka. Daraja lilipofunguliwa tulishangilia na sisi, tulikwenda mpaka kule kulitazama. Lakini kile kimya kikaisha. Siku hizi magari ni mfululizo kama maji ya bomba lililopasuka. Na ile biashara iliyotetewa? Basi lililokuwa likisubiri kivuko lilikuwa na muda wa kununua hindi. Basi la daraja halina. Wauza mahindi wamebaki na masufuria yao. Tuliuza watoto, na hata soko lenyewe hatukulipata.

Shija alikuwa darasa la pili. Alikuwa anatoka shule mchana, amevaa shati nililolishona mimi, nililoliachia upindo mpana kwa sababu mama yake alisema atakua. Gari lilikuwa Noah. Halikusimama. Sitaeleza zaidi ya hapo, mama yake anaweza kusoma haya.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida. Alimfunika mtoto kwa koti lake la kijivu. Alimshika Mama Shija asijirushe barabarani. Alisimamia kila kitu. Na siku ya kuzika akatoka na tawi lake, mbele ya jeneza dogo ambalo wanaume wawili tu walitosha kulibeba, akaingia kwenye lami. Alisimama palepale. Sisemi karibu na pale, nasema palepale, doa lilikuwa bado halijafutika. Akanyanyua tawi, na Noah ikasimama. Noah nyingine, yenye haraka ileile, ikasimama taratibu kabisa, dereva akainamisha kichwa.

Kitu kikanikata ndani. Kumbe yanaweza. Breki wanazo. Miguu ya kukanyagia breki wanayo. Siku zote walikuwa nayo.

Tulipotoka makaburini nilimwambia mbele za watu. Nilisema, "Mwenyekiti, kumbe yanasimama."

Akasema, "Mayu, ajali haina kinga."

"Ina kinga. Inaitwa tuta."

Wanawake wakanivuta kitenge. Mama mkwe wangu aliniambia nimeaibisha nyumba. Mwenyekiti alifuta jasho, akaenda kuhesabu sufuria zisije zikapotea. Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo kwa sababu ya mvi zake, si zaidi, na naamini alijua.

Baada ya hapo vijana wakachoka kusubiri, wakaleta moramu kwa mikokoteni wakajenga tuta la udongo, mbele ya shule. Lilikuwa baya, limekaa upande, lakini lilifanya kazi. Kwa wiki hivi tulisikia breki badala ya honi, na mimi niliacha kuinua kichwa kila gari linapopita. Kisha basi likagonga chini, likavunjika kitu, simu ikapigwa wilayani, na amri ikaja tuta livunjwe. Aliyelivunja ni Mwenyekiti mwenyewe. Hakutuma mtu. Alitundika koti lake kwenye geti la shule, akashika jembe, akalichimbua mpaka lami ikaonekana, na watoto wanamtazama kutoka madirishani. Nilimwendea nikamwuliza kwa nini yeye. Akasema, "Kwa sababu wangekuja polisi wangewakamata vijana. Mimi nimewaokoa." Na ni kweli, alikuwa amewaokoa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo la yule mzee. Kila alilofanya lilikuwa na mtu aliyeokolewa ndani yake, na barabara ikabaki vilevile.

Tukaenda kwa watu wa barabara wenyewe, mimi, Mama Shija na wengine, tumevaa vizuri kama tunakwenda kanisani. Tulipokelewa na kijana mwenye adabu. Akafungua kompyuta yake, akatafuta, akatuambia kwamba kwao pale hapaonekani kuwa makazi. Panaonekana mashamba. Mama Shija akamwuliza, "Kwa hiyo mwanangu aligongwa shambani?" Yule kijana akainamisha macho. Akasema tuanzie kwa mwenyekiti wetu.

Mwaka ambao binti yangu Kabula alianza darasa la kwanza, nilimeza hasira zangu nikaenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Nilikwenda jioni, na kuku mkononi, nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimefikiria sana. Sikumwomba kibao. Sikumwomba tuta. Nilimwomba tawi.

Nilimwambia, kila asubuhi kabla ya kengele, na mchana wanapotoka, simama pale unaposimama siku za msiba. Na lile tawi lako. Watoto wapite. Kwako wanasimama, sisi wengine hawatuoni. Muda mfupi tu, halafu rudi unywe chai yako.

Aliweka kikombe chini. Nilitegemea ataniambia barabara ni ya serikali. Nilikuwa na jibu tayari. Lakini nilipomtazama nikaona uso ambao sikuwahi kuuona kwake kwenye msiba wowote. Yule mtu aliyeosha maiti za wageni alikuwa anaogopa.

"Lile tawi haliendi mbele ya mtu mwenye uhai," alisema. "Baba yangu alilibeba hivyo, na mimi hivyo. Linatangulia aliyekwisha kwenda. Ukilitanguliza kwa aliye hai, unamwonyesha njia. Unataka niwatangulie watoto wenu kama maiti? Huo ni uchuro, mayu. Unawaitia kifo."

"Nataka wafike shule."

"Mimi siwezi."

"Shija hakutanguliwa na tawi. Alikufaje?"

Akageuza uso ukutani. Nilimwachia kuku, nikaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kukuta uvivu, au woga wa wakubwa, au unafiki, vitu ambavyo mtu unavitukana ukapumua. Nikakuta imani. Nikaondoka na hasira kubwa zaidi, maana imani huwezi kuivunja kwa jembe.

Kesho yake nilikata tawi mwenyewe.

Mwarobaini uko nyuma ya choo changu, hauhitaji ruhusa ya mtu. Kabula alinishika kitenge kwa nyuma, na nyuma yake watoto wengine kama vifaranga, na Mama Shija akafunga mstari na tawi lake. Nikaingia barabarani. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliangalia kulia na kushoto na kulia tena, mkojo ulinibana. Nikanyanyua. Lori la samaki likaanza kulia breki tangu mbali, likasimama mbele yangu, joto la injini likinipiga usoni. Dereva alishavua kofia. Akatoa kichwa dirishani, sauti ya huruma kabisa.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama Shija alijibu kutoka nyuma, bila kupaza sauti.

"Bado."

Dereva akatazama. Akawaona watoto, mabegi yao, soksi zao nyeupe. Akarudisha kichwa ndani polepole. Alikaa pale mpaka mtoto wa mwisho alipokanyaga majani ya upande wa pili, na hata baada ya hapo hakuondoka mara moja.

Tumefanya hivyo mpaka leo. Tunapeana zamu, wanawake tu, maana wanaume wanasema wana kazi. Kila siku dereva mgeni anauliza nani amefariki na kila siku tunajibu bado. Wengine wanatutukana, wanasema tunacheza na msiba. Mmoja alilia. Wa kwetu pia walitusema. Mama mkwe wangu alikataa kula chakula changu kwa siku kadhaa, eti mkono unaobeba tawi asubuhi haupiki ugali mchana. Na Mwenyekiti, akitukuta barabarani, alishuka kwenye baiskeli, akageuka akatazama mashamba mpaka tumalize. Alifanya ishara ya msalaba, halafu akatema mate pembeni, yote mawili, kuhakikisha. Sijui alikuwa anatuombea au anajikinga na sisi. Lakini aliendelea kusimama pale mpaka mtoto wa mwisho avuke. Hilo nililiona. Sikulipenda, lakini nililiona.

Kiti alikiachia baadaye, si kwa kushindwa. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Kibao kiko palepale alipokipeleka. Kitongoji kina mwenyekiti mpya, kijana, anasema suala letu liko kwenye mchakato. Watu bado wanamwita yule wa zamani Mwenyekiti na huyu mpya wanamwita kwa jina.

Mara ya mwisho kukutana naye kwa maana ya kukutana ilikuwa juzi juzi, asubuhi, watoto wameshaingia darasani. Nilikuwa kwenye cherehani. Nilimwona kwenye ukingo wa lami na fimbo yake, koti lilelile, limekuwa kubwa kwake sasa. Ilikuwa siku ya dawa za presha zahanati, na aliyezoea kumsindikiza hakuwepo. Alikuwa anangoja kile kimya cha zamani. Lakini kimya hakipo tena, nimeshasema.

Akatoa mguu mzuri, akaurudisha. Akautoa tena. Hiace ikampigia honi ndefu ya kumtukana, upepo wake ukamfungua koti. Akarudi nyuma hatua mbili tatu akishikilia fimbo.

Niliendelea kushona. Kama mnataka niseme kwamba niliruka mara moja, mtanisamehe. Nilikuwa na kiuno cha sketi mkononi na nilikimaliza. Nilisema moyoni, acha aione. Acha asimame pale alipotusimamisha, ausikie ule mngurumo unaoanzia kwenye kile kibao chake. Akaegemeza fimbo pajani, akanyanyua mkono mzuri juu, kama zamani, lakini haukuwa na kitu, na tipa ikapita kana kwamba pale hapana mtu. Pana shamba.

Nikakata uzi. Tawi la asubuhi lilikuwa limeegemea mlangoni, majani bado mabichi.

Aliponiona nakuja nalo alijua. "Mwangaluka, mayu," alisema, akitangulia yeye kunisalimu, jambo ambalo mzee hafanyi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba." Macho yake hayakutoka kwenye tawi. "Weka hilo chini. Nishike mkono tu, tutavuka."

"Mkono hawauoni. Umewaona mwenyewe."

"Mimi sijafa, Mama Kabula."

"Najua. Ndiyo maana nakuvusha."

Mdomo wake ulikuwa unatikisika upande mmoja, sikujua ni maradhi au sala. Sikumbembeleza. Kama angekataa ningerudi kwenye cherehani yangu, naapa. Halafu akahamisha fimbo, akaupitisha mkono wake chini ya kwapa langu, mkavu, mwepesi kama kuni, na akanisukuma kidogo. Kuniambia twende.

Niliingia, nikanyanyua. Ilikuwa tipa ya mchanga, imetoka upande wa ziwa, ilikuwa imeshakanyaga. Ililia breki mpaka vumbi likatufikia. Tukaanza kuvuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta, kiatu kinakwaruza lami, na sikuwa nimewahi kuvuka barabara ile kwa mwendo mdogo vile isipokuwa nyuma ya jeneza. Dereva alikuwa kijana mdogo. Alivua kofia, akatutazama: mzee, mwanamke, tawi, hakuna sanduku.

"Poleni," alisema. "Nani amefariki?"

Nilifungua mdomo. Lakini nilihisi mkono chini ya kwapa langu ukinibana, na Mwenyekiti akasimama, katikati kabisa, kwenye mstari, akageuza uso wake uliopinda akamtazama yule kijana mwenye mguu.

"Bado," alisema, na hakuharakisha.